Shajara ya mradi: njia za faili kati ya Windows, Linux na Mac

Hali ya mradi

Programu inapokea picha za hati za zamani zinazoskaniwa Unguja na Pemba: barua, hati za mashamba ya mikarafuu, madaftari ya maduka. Inazipanga kwa kisiwa, wilaya na shehia, inazipa namba, kisha inazihamishia kwenye seva iliyopo Mjini. Wanaoskani Wete, Chake Chake na Mkoani wana Windows 10 na 11. Seva ni Ubuntu. Anayesafisha picha yuko kwenye Mac. Msimbo wote ni Python 3.12.

Ukurasa mmoja wa A4 ukiskaniwa kwa rangi, nukta 400 kwa inchi, bila kubanwa, unafika MB 46. Kupandisha daftari zima kwa bando la simu ni kujitia hasara, kwa hivyo picha nyingi huvuka kwa boti zikiwa kwenye diski ya nje ya exFAT. Matokeo yake faili moja hupita mifumo mitatu na diski za aina nne (NTFS, exFAT, APFS, ext4) kabla ya kutulia, na kila mmoja una sheria zake kuhusu jina na njia ya faili. Shajara hii inahusu sehemu hiyo tu. Mambo ya rangi na ubora wa picha yana shajara yake.

Toleo 0.1: mkwaju wa nyuma na majina ya shehia

Njia `'D:\nyaraka\tumbatu'` ikiandikwa hivyo ndani ya msimbo, Python haioni folda mbili, kwa kuwa kwake mkwaju wa nyuma `\` ukifuatwa na herufi fulani ni alama maalumu (mkwaju wa kawaida ni `/`). Inaona `D:`, mstari mpya, `yaraka`, tabo, kisha `umbatu`. Windows huikataa kwa `WinError 123`. Linux inaruhusu kila kitu ndani ya jina isipokuwa `/` na baiti ya sufuri, kwa hivyo inaunda folda moja yenye jina hilo zima, mstari mpya ukiwamo, na wala hainung'uniki.

Ramani ya Zanzibar imejaa mitego hii. Amani inaleta `\a`, ambayo ni kengele. Bububu inaleta `\b`, kurudi nyuma herufi moja. Fundo inaleta `\f`, Nungwi `\n`, Tumbatu `\t`, Vitongoji `\v`. Uroa ina nafuu yake: `\u` inadai tarakimu nne za heksa, Python isipozipata inagoma kuanza kabisa, na kosa linalogoma mapema ndilo kosa zuri. Nungwi ikianzwa kwa herufi kubwa nayo inagoma, maana `\N` inangojea mabano ya jina la herufi. Konde, Wete, Mkoani na Chwaka zinapita salama salmini, kwa sababu `\k`, `\w`, `\m` na `\c` hazina maana yoyote kwa Python, tangu 3.12 inatoa onyo la `SyntaxWarning` tu, na maonyo hayasomwi na mtu. Kwa hiyo data ya majaribio sasa lazima iwe na Tumbatu, Bububu na Uroa. Jaribio lenye Konde na Wete peke yake halijaribu kitu.

JavaScript ni mbaya zaidi hapa. `'D:\konde'` inakuwa `D:konde`, mkwaju umemezwa kimya kimya, na `D:konde` kwa Windows ni njia halali: maana yake ni "konde, ndani ya folda yoyote tuliyomo sasa hivi kwenye diski D". Faili inahifadhiwa vizuri, ila si pale unapoitafuta.

Chimbuko la mkwaju huu ni MS-DOS 2.0 ya mwaka 1983, ilipoanza kuwa na folda. Mkwaju wa kawaida ulikuwa umeshachukuliwa na vibonyezo vya amri, kama `DIR /W`, basi folda zikapewa wa nyuma. Unix ilikuwa ikitumia `/` tangu miaka ya 1970. Lakini sehemu ya Windows inayofungua faili inakubali `/` bila shida. Zinazosumbua ni baadhi ya amri za kisanduku cheusi cha `cmd`. Uamuzi: ndani ya msimbo wetu hakuna mkwaju wa nyuma hata mmoja. Tunaandika `Path('D:/nyaraka')`, na vipande vinaunganishwa na `pathlib`, maktaba ya Python ya njia za faili. Njia ya `r'...'` tumeikataa kwa sababu haiwezi kumalizikia kwa mkwaju mmoja wa nyuma: `r'D:\nyaraka\'` ni kosa la sarufi.

Toleo 0.2: nini kinaingia kwenye hifadhidata

Huu ndio uti wa mgongo wa kazi yote. Rekodi ya mwanzo ilikuwa na njia kamili, mfano `E:\nyaraka\pemba\wete\fundo\0001.tif`. Diski ileile ikichomekwa kwenye kompyuta nyengine inaitwa F au G. Kwenye Ubuntu inakaa chini ya `/media/`, ikifuatiwa na jina la mtumiaji na lebo ya diski. Kwenye Mac ni `/Volumes/`. Hakuna hata moja ya njia hizo inayostahili kukumbukwa.

Sasa hifadhidata inabeba njia tegemezi peke yake, kuanzia kwenye mzizi (folda kuu ya nyaraka kwenye diski husika), kwa mkwaju wa kawaida kila mahali, hata inapoandikwa na Windows:

```python
def ya_hifadhi(p, mzizi):
    return p.relative_to(mzizi).as_posix()

def ya_diski(s, mzizi):
    return mzizi.joinpath(*PurePosixPath(s).parts)
```

Mzizi wenyewe haukisiwi. Kila diski ina faili ndogo `mzizi.json` yenye utambulisho wa diski hiyo, na programu inaitafuta: Windows inapita `os.listdrives()` (imo kuanzia Python 3.12), Ubuntu na Mac zinapita folda zilizotajwa hapo juu. Isipoiona, inauliza, haiumbi folda mpya kwa kubahatisha. Kukisia ndiko kunakozaa `nyaraka` ya pili kwenye desktopu ya mtu.

Rekodi za zamani zenye mikwaju ya nyuma zilihitaji kutafsiriwa, na kazi hiyo inafanyika kwenye seva. Hapa pana jambo linalowapotosha wengi: kwenye Linux, `Path(r'pemba\wete\0001.tif').name` inarudisha stringi (mfuatano wa herufi) nzima, kwa kuwa mkwaju wa nyuma kule ni herufi kama herufi nyengine. `Path` hufuata mfumo unaoendesha programu. Haijui stringi imetoka wapi. Anayejua ni wewe, kwa hiyo mwambie: `PureWindowsPath(s).as_posix()`. Aina hiyo haigusi diski, inafanya kazi kwenye mfumo wowote, na inaelewa mikwaju yote miwili hata ikichanganywa katika njia moja.

Tatizo hilohilo limo kwenye faili za zip. Kanuni ya zip inataka `/`, lakini programu za .NET Framework kabla ya 4.6.1 ziliandika `\`. Ukiifungua zip ya namna hiyo kwenye Linux kwa kutumia Python, hupati folda. Unapata rundo la faili zenye majina kama `wete\fundo\0001.tif`, zote mahali pamoja.

Toleo 0.3: kuunganisha bila kutoka nje ya mzizi

Jedwali la shehia huja kama CSV (maandishi yaliyotenganishwa kwa mkato), na baadhi ya safu zinaanza na mkwaju: `/pemba/wete`. `Path('/srv/nyaraka') / '/pemba/wete'` haitoi unachotarajia. Inatoa `/pemba/wete`, mzizi umetupwa. Kwenye Windows, `Path('D:/nyaraka') / '/pemba'` ni `D:\pemba`, na ukiunganisha na `C:pemba` unahama diski kabisa. Si hitilafu, ndivyo ilivyokusudiwa, kwamba kipande chenye kuanzia kwenye mzizi kinashinda vilivyotangulia.

Kinga ya kwanza iliyopendekezwa ilikuwa kuuliza `is_absolute()`. Haitoshi. Kwa Windows, `/pemba` haihesabiwi kuwa njia kamili kwa sababu haina herufi ya diski, kwa hivyo inapenya. Ukaguzi uliopo sasa:

```python
def salama(s, mzizi):
    w = PureWindowsPath(s)
    if w.drive or w.root or '..' in w.parts:
        raise ValueError(s)
    p = mzizi.joinpath(*w.parts).resolve()
    if not p.is_relative_to(mzizi.resolve()):
        raise ValueError(s)
    return p
```

Mstari wa mwisho wa ukaguzi unawakamata wale wanaopita kwa viungo vya folda, yaani folda zinazoelekeza mahali pengine. Usiubadilishe ukawa `startswith`: `/srv/nyaraka-mpya` nayo inaanza na `/srv/nyaraka`, na itapita mlangoni ikicheka.

Toleo 0.4: Ng'ombeni mbili

Kwenye seva zilionekana folda mbili za Ng'ombeni, sawasawa kwa macho, kila moja na nusu ya hati. Moja iliandikwa kwa ritifaa (alama ' ya ng') ya kibodi, U+0027, baiti moja `27`. Nyengine ilinakiliwa kutoka Word, ambayo hugeuza ritifaa kuwa iliyopinda, U+2019, baiti tatu `E2 80 99`. Kwa mtu ni jina moja, kwa diski ni majina mawili yasiyojuana. Jang'ombe na kila jina lenye ng' liko katika hatari hiyo.

Ritifaa ina ubaya wa pili. Kwenye bash, ganda la amri la Linux, `cp 'Ng'ombeni/0001.tif' /srv` haimaliziki: nukuu imefungwa baada ya `Ng`, ikafunguliwa tena mbele, na ganda linangoja. Kwa hiyo amri za nje zinaitwa kwa orodha, `subprocess.run(['cp', chanzo, lengo])`, bila `shell=True`, na SQL inapewa thamani kwa `?`. Hayo yangefanywa hata kusingekuwa na Ng'ombeni.

Uamuzi kuhusu majina: folda inaitwa kwa ufunguo wa herufi ndogo a–z, tarakimu na kistari, bila ritifaa: `ngombeni`, `jangombe`. Jina lenyewe, lenye ritifaa yake na herufi kubwa zake, linakaa kwenye hifadhidata na ndilo linaloonyeshwa kwenye kioo. Safu ya ufunguo imewekewa sharti la kutojirudia, kwa kuwa kuondoa ritifaa kunaweza kukutanisha majina mawili tofauti.

Herufi za Kiarabu zilikuja na mtihani wao. Hati nyingi za zamani ni za Kiarabu au Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na wanaoskani walikuwa wakiipa faili jina kama lilivyo kichwani mwa barua. Alifu yenye hamza juu, kama ile inayoanzia jina أحمد, inaweza kuandikwa kama herufi moja (U+0623, baiti `D8 A3`) au kama alifu na hamza mbili mbali (U+0627 na U+0654, baiti `D8 A7 D9 94`). Diski za zamani za Mac, HFS+, huhifadhi sura iliyotenganishwa. APFS inahifadhi ilichopewa lakini inazihesabu mbili hizo kuwa jina moja. ext4 na NTFS zinalinganisha kama zilivyo, basi faili iliyopita kwenye diski ya HFS+ ikirudi seva inaonekana ngeni. Dawa ni `unicodedata.normalize('NFC', jina)` kwa kila jina linaloingia, ili lote liwe katika sura iliyounganishwa, kabla ya kulinganisha na chochote.

Usijaribu kuchunguza majina haya kwa kuyatazama kwenye kioo. Kiarabu kinaandikwa kutoka kulia, tarakimu na mikwaju ikiwa katikati mpangilio unaoonekana si mpangilio uliomo. Tumia `ascii(p.name)`, uone namba za herufi. Majina ya Kiarabu nayo sasa yako kwenye hifadhidata, faili ni `0001.tif`.

Toleo 0.5: herufi zilizokatazwa

Windows haitaki `< > : " / \ | ? *` ndani ya jina. Mbili kati ya hizo zinatuhusu khasa.

Alama ya kuuliza: wanaohudumia hati huandika mwaka usio na hakika kama `1890?`. Mac na Linux zinakubali, diski ikifika Windows kunakili kunagoma. Tunaandika `1890-takriban`.

Nukta pacha ndiyo yenye hila. Jina lenye saa, `barua 10:30.tif`, programu ikiliandika kwenye NTFS halikataliwi. NTFS inaelewa kwamba unataka faili `barua 10` yenye mkondo wa pembeni uitwao `30.tif`. Explorer inaonyesha `barua 10`, ukubwa sufuri, ilhali MB 46 zimefichwa pembeni. Ukiinakili kwenye exFAT, ambayo haina mikondo ya pembeni, picha inapotea. Saa sasa inaandikwa `20240510T1030`.

Windows pia hukata nukta na nafasi za mwishoni. Majina yanayofupishwa kwa "b." yakikatika mwishoni, mfano folda `salim b.`, kwenye Windows inakuwa `salim b`, na rekodi haiipati tena. Na `con`, `aux`, `nul`, `prn`, `com1` hadi `com9`, `lpt1` hadi `lpt9` ni majina ya vifaa tangu enzi za DOS. Kuyapa kiambishi kama `aux.tif` hakukuokoi kwenye Windows 10. Ufunguo wa 0.4 unaondoa nukta na nafasi, lakini majina ya vifaa hauyazuii wenyewe, kwani ni herufi a–z na tarakimu tu.

Herufi kubwa na ndogo: `Wete` na `wete` ni folda moja kwenye NTFS na APFS ya kawaida, mbili kwenye ext4. Baadhi ya skana zinatoa `.TIF`, na `glob('*.tif')`, inayotafuta faili kwa ruwaza ya jina, ya Windows inazikamata, ya Linux inaziruka. Tunapima `p.suffix.lower()`. Papohapo tunaruka kila jina linaloanza na `._`: Mac ikiandika kwenye exFAT huacha vifaili kama `._0001.tif`, vidogo mno, vyenye kiambishi cha picha na visivyo picha, na `glob` ya `pathlib` haivifichi.

Toleo 0.6: kurasa kuchanganyika

Daftari lililokuwa sawa Wete lilifika seva kurasa zimevurugika. Sababu: NTFS hurudisha orodha ya folda kwa alfabeti, msimbo ukategemea hilo bila kulitaja. ext4 hurudisha kwa mpangilio wake wa ndani usiofanana na wowote. `iterdir()`, inayoorodhesha folda kwenye Python, haijaahidi mpangilio wowote. Weka `sorted()` kila pahala. Namba zinajazwa sufuri hadi tarakimu nne, vyenginevyo `10` inakaa kabla ya `2`.

Toleo 0.7: urefu wa njia

Windows kwa kawaida inaruhusu herufi 260 kwa njia nzima, ikiwamo ya mwisho isiyoonekana, yaani 259 za kutumia. Folda mpya ina kikomo cha 248, ili ibaki nafasi ya jina fupi la 8 na 3 ndani yake. Kuanzia Windows 10 toleo 1607 kuna `LongPathsEnabled` kwenye rejista, na Python tangu 3.6 inaitambua. Tumeiacha. Programu yetu itaweza kuunda njia ndefu, lakini programu nyengine ya kutazamia picha kwenye kompyuta hiyohiyo haitaweza kuzifungua, na anayeskani atadhani picha imeharibika.

Bajeti yetu ni herufi 120 kwa njia tegemezi. Mzizi unabakiwa na 138 baada ya kutoa mkwaju wa kuunganisha, na hiyo inatosha hata pale folda ya hati za mtumiaji ilipohamishiwa ndani ya OneDrive. Linux inahesabu baiti badala ya herufi: 255 kwa jina moja, 4096 kwa njia. Kwa Kiarabu, baiti mbili kwa herufi, jina haliwezi kuzidi herufi 127.

Toleo 0.8: kuhamisha na kubadilisha

Faili inaandikwa kwanza kwa jina la muda ndani ya folda ileile ya mwisho, kisha `os.replace`. Ikiandikwa kwenye folda ya muda ya mfumo, iliyo diski nyengine, `os.replace` inagoma: kosa namba 18 kwenye Linux, `WinError 17` kwenye Windows. `shutil.move` haigomi, lakini inanakili kisha inafuta, na diski ikichomolewa katikati unabaki na nusu picha yenye jina kamili.

Windows ina `WinError 32` pia (au `WinError 5`, faili ya lengo ikiwa ndiyo iliyofunguliwa): huwezi kubadilisha faili ambayo programu nyengine imeifungua. Mara nyingi ni kitazamio cha picha au kinga ya virusi inayokagua. Programu inangoja kidogo na kujaribu tena. Ikishindikana inataja jina la faili na kumwomba mtumiaji afunge kitazamio.

Yaliyobaki

Majaribio ya njia yanaendeshwa kwenye Ubuntu, Windows na Mac kila msimbo unapobadilika. Mengi yanatumia `PureWindowsPath` na `PurePosixPath`, kwa hivyo yanaendeshwa hata kwenye laptopi moja. Yale ya `os.replace`, herufi kubwa na mikondo ya pembeni yanahitaji mfumo wenyewe. Jaribio la diski kuchomolewa bado ni la mkono.

Kwenye seva kuna faili zilizoingia kabla ya 0.4 ambazo majina yao si UTF-8 halali. Python inazisoma kwa herufi za kushikia nafasi ya baiti na inaweza kuzifungua, lakini `print` ya jina inaanguka kwa `UnicodeEncodeError`. Zitapewa ufunguo mpya kwa kusoma `os.listdir(b'.')`, baiti kwa baiti, na baiti za jina la zamani zitahifadhiwa kwa heksa kwenye safu ya `jina_asili`. Hadi hapo, folda hiyo isipitiwe na hati yoyote inayochapisha majina.